Programu Yangu Ilisema Sifuri

Najua nimekuwa kimya hapa kwa karibu miezi miwili, na wale wachache mnaonitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni hapana. Nilipata kibarua. Kibarua hicho ndicho nitakachowasimulia leo, kwa hivyo vuta kiti na umimine chai. Hadithi ni ndefu kidogo, na haihusu simu mpya wala toleo jipya la Linux.

Inahusu herufi moja.

Kwa wageni: mimi naandika programu za malipo ya simu katika kampuni moja hapa Nairobi. Mtu akilipa na pesa zikakwama njiani, mimi ndiye huamshwa saa nane usiku kusoma logi, yaani lile faili ambamo seva huandika kila ilichofanya na saa iliyokifanya. Nimesoma logi mpaka naziota. Basi rafiki yangu wa chuo, ambaye baada ya shahada alihamia upande wa maabara, alinipigia siku moja akasema kuna Daktari anatafuta mtu wa kumwandikia programu ndogo. Malipo si makubwa, akasema, lakini utaipenda kazi.

Daktari ni mtaalamu wa sumu. Mama wa makamo, mpole, lakini ukikosea anakutazama juu ya miwani kama mwalimu wa hesabu. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini mtaalamu wa sumu anahangaika na jeni. Nilidhani kazi yake ni kupima dawa za wadudu na pombe haramu. Akacheka.

"Kijana, sumu nyingine haikuui leo. Inaandika jina lake ndani yako, halafu inakwenda zake. Mimi kazi yangu ni kusoma maandishi."

Nikamwambia mimi pia ndiyo kazi yangu. Hapo tukaelewana.

Haya, twende polepole, maana mimi mwenyewe ilibidi nielezwe mara tatu.

Kuna kuvu anayeitwa Aspergillus flavus. Huota kwenye mahindi na njugu karanga, hasa mmea ukipigwa na ukame na nafaka ikihifadhiwa na unyevu. Kuvu huyu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo majirani zetu Tanzania huiita sumukuvu. Ilijulikana baada ya 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa mashudu ya njugu yaliyoharibika. Katika 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitishwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Mahali inapogonga ni kwenye ini.

Inavyofanya kazi ndivyo vilivyonishika. Aflatoksini yenyewe ikiingia tumboni bado haijawa hatari sana kwa DNA. Ini, likijaribu kuisafisha, huigeuza kwa vimeng'enya vyake kuwa kitu chenye makali zaidi, na kitu hicho hung'ang'ania kwenye herufi G ya DNA. Seli ikija kunakili DNA yake, inafika kwenye ile G iliyochafuliwa na wakati mwingine inaisoma vibaya. Badala ya G inabaki T. Mlinzi uliyemwajiri ndiye amemfungulia mwizi lango.

Sasa, mabadiliko haya yanaweza kutokea mahali pengi. Lakini mwaka 1991 vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja kwa njia yake, vilichapisha matokeo katika jarida la Nature. Kimoja kilichunguza uvimbe wa ini wa wagonjwa kutoka Qidong, wilaya ya China iliyo karibu na mdomo wa mto Yangtze. Kingine kilichunguza wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Mahali hapo pote watu walikula chakula chenye aflatoksini nyingi. Wote wakaangalia jeni moja iitwayo TP53, ambayo ni kama askari wa zamu ndani ya seli: DNA ikiharibika, inaisimamisha seli irekebishwe au inaiamuru ijiue. Kwa wale wa Qidong, uvimbe 8 kati ya 16 ulikuwa na kosa mahali pale pale, kwenye kodoni ya 249, herufi yake ya tatu. Katika 7 kati ya hizo 8, G ilikuwa imegeuka T.

Fikiria hilo kama msomaji wa logi. Seva 16 zimeanguka, na nane kati yake zina mstari ulioharibika pale pale. Hiyo huwezi kuiita bahati mbaya. Kuna mtu aliingia.

Daktari alinieleza kwamba sumu nyingine nazo zina mwandiko wake. Miale ya jua kwenye ngozi huacha CC zikigeuka TT. Moshi wa sigara hupenda G kuwa T kwenye mapafu, lakini katika vituo vingine vya jeni hiyo hiyo, kama kodoni za 157, 248 na 273. Asidi ya aristolokia, iliyomo katika baadhi ya miti shamba, hugeuza A kuwa T. Ukiona mwandiko, unaweza kuanza kumshuku mwandishi.

Basi kazi yangu ilikuwa hii: mashine inasoma DNA na kutoa faili kubwa za maandishi, kila mstari ukionyesha mahali, herufi iliyotarajiwa na herufi iliyopatikana. Mimi niandike programu ya kupita kwenye faili zote na kuhesabu ni sampuli ngapi zina ile G iliyogeuka T kwenye kodoni ya 249. Rahisi! Nilisema moyoni hii ni kazi ya Jumamosi moja. Mistari 60 ya Python.

Nikaandika. Nikaijaribu. Ilikimbia bila kosa hata moja, na kwa sekunde 11 ilikuwa imemaliza faili zote. Ikatoa jibu: 0.

Sampuli zote, sifuri. Nikafurahi! Nikasema afadhali, basi hakuna mtu mwenye shida. Nikatengeneza jedwali safi, nikalipaka rangi ya kijani, nikamtumia Daktari saa nne usiku, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Asubuhi saa moja simu ikalia.

"Kijana, umeziua seli zangu?"

Sikuelewa. Akaniambia niangalie sampuli ya mwisho kwenye orodha. Ile haikuwa ya mtu yeyote wa utafiti. Ilikuwa DNA ya seli ziitwazo PLC/PRF/5, zilizoanza kukuzwa Afrika Kusini katika miaka ya 1970 kutokana na uvimbe wa ini wa mgonjwa. Kila maabara inayoshughulika na jambo hili inajua kwamba seli hizo zina kosa la kodoni ya 249. Daktari alikuwa ameziweka makusudi ndani ya faili, bila kuniambia, kama mtu anayeficha shilingi mia kwenye sufuria kuona kama mtumishi wake ataikuta. Programu yangu ilipita juu yake na kusema hakuna kitu.

"Kama hujaliona hapo ambapo najua lipo," akasema, "nitakuaminije pale ambapo sijui?"

Nilijisikia vibaya, wallahi. Nikapekua msimbo wangu tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hesabu ya nafasi ilikuwa sawa. Jina la kromosomu sawa. Kila kitu sawa. Ilinichukua siku mbili na vikombe vingi vya kahawa kugundua, na wenye kujua biolojia mtanicheka. DNA ni nyuzi mbili zinazotazamana, A upande huu ikishikana na T upande ule, C ikishikana na G. Ramani ya jenomu inayotumika duniani kote huandikwa kwa kufuata uzi mmoja tu. Lakini jeni nyingine husomwa kwenye uzi wa pili, kinyumenyume. TP53 ni mojawapo. Kwa hivyo kile ambacho vitabu vyote vinakiita G kuwa T, kwenye faili langu kimeandikwa C kuwa A. Herufi ya 747 ya maelekezo ya protini, ambayo kwenye toleo la ramani la GRCh38 ni nafasi ya 7,674,216 ya kromosomu ya 17.

Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa mbele nikimngoja mgeni aliyekwishaingia kwa mlango wa nyuma.

Nikabadilisha herufi mbili kwenye msimbo. Seli za PLC/PRF/5 zikajitokeza mara moja. Matokeo ya sampuli nyingine ni ya Daktari kuyatangaza, si yangu, kwa hivyo hapo sitii neno. Ninachoweza kusema ni kwamba programu isiyotoa kosa si programu sahihi, na sifuri inaweza kumaanisha mambo mawili tofauti kabisa: hakuna kitu, au hujui kutazama. Wanaojifunza kuandika programu, tafadhali andikeni hilo ukutani. Kabla hujaniambia umekuta sifuri, nionyeshe kwamba programu yako inaweza kukuta moja.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya kiufundi tu. Haikuishia hapo.

Mimi nimezaliwa Makueni. Wenye umri wa kukumbuka wanajua ninakoelekea. Katika 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua katika Mkoa wa Mashariki wa wakati huo, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba. Mahindi yalikuwa yamevunwa na unyevu, na wengi waliyaweka ndani ya nyumba, chini sakafuni, kwa kuwa mwaka ule wa njaa ukiyaacha nje yanaibwa. Watafiti walipokusanya sampuli 350 za bidhaa za mahindi kutoka masoko 65, asilimia 55 zilizidi kiwango cha kisheria cha Kenya cha wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 zilizidi 1,000. Siku hizi kiwango chetu ni 10.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, huko huko Ukambani, wagonjwa 20 walilazwa kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa.

Mimi 2004 nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka nyanya akimwaga gunia zima uani na kuwakatalia hata kuku. Nakumbuka tukilala njaa siku hiyo, na mimi nikimwona nyanya ni mkatili. Nyumbani kwetu hakuna aliyekufa mwaka ule. Tulishukuru Mungu, tukaendelea na maisha.

Halafu 2019 mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, akafariki kwa saratani ya ini. Alikuwa na miaka 46. Alikuwa mzee wa kanisa, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akionja kitu kikali kuliko soda. Lakini nyinyi mnajua vijiji vyetu. Ini? Basi alikuwa anakunywa kwa siri. Mzee wa kanisa, mchana Biblia, usiku kaluvu! Maneno hayo yalisemwa matangani, mama akiyasikia kutoka jikoni. Mama yangu hakujibu siku ile. Amekuwa akijibu kila siku tangu siku ile, akiwa peke yake.

Sasa nikaenda nyumbani mwisho wa mwezi, nikawa namsimulia kazi yangu mpya, nikicheka kuhusu uzi wa kinyumenyume. Mama alikuwa anachambua mahindi ya muthokoi kwenye uteo. Akaacha kuchambua.

"Hiyo programu yenu, mwanangu. Inaweza kusema kwamba ndugu yangu hakuwa mlevi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitauliza.

Niliporudi nilimwuliza Daktari, na nilichojifunza ni sehemu ngumu ya elimu hii, kwa hivyo nivumilieni.

Kuna njia tatu za kusoma alama ya aflatoksini mwilini, na kila moja ina kumbukumbu ya urefu tofauti. Ya kwanza ni mkojo. Ile G iliyong'ang'aniwa na sumu hung'olewa na kutoka na mkojo, na inaonyesha ulichokula jana na juzi tu. Ya pili ni damu, ambako sumu hushikana na protini ya albumini. Hiyo huonyesha miezi miwili, mitatu iliyopita. Ya tatu ni lile kosa la kodoni ya 249, ambalo seli ikishalipata hulirithisha kwa seli zinazotokana nayo. Logi mbili za kwanza hufutika zenyewe. Ya tatu hukaa.

Na ya tatu huweza kuonekana bila hata kumpasua mtu, kwa kuwa seli zikifa, vipande vya DNA yake huelea kwenye damu. Nchini Gambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, kosa hili lilipatikana kwenye damu ya wagonjwa 19 kati ya 53 wa saratani ya ini, na kwa watu 3 tu kati ya 53 wasiokuwa na ugonjwa. Mtaalamu wa sumu John Groopman wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzake waliofanya kazi Qidong kwa miaka mingi, walipima damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu kabla watu hawajaugua. Kwa baadhi yao kosa lilikuwepo mwaka mmoja au zaidi kabla ya ugonjwa kutambuliwa, na kwa mmoja, miaka mitano kabla.

Hapo moyo wangu uliruka. Miaka mitano!

Lakini rudi kwenye namba za Gambia uzisome tena, kama Daktari alivyonilazimisha. Wagonjwa 19 kati ya 53 maana yake wagonjwa 34 walikuwa na saratani na alama haikuonekana. Na watatu walikuwa na alama bila saratani. Kwa kundi la watu, tofauti ni kubwa na inasema jambo zito: hapa kuna sumu kwenye chakula. Kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha daktari akitetemeka, haitoshi kumwambia una wala huna. Akiambiwa hana, huenda ni ile sifuri yangu ya kijani.

Na mjomba? Mjomba hakukatwa kipande cha ini. Waliona kwenye picha, wakapima damu, wakamwambia arudi nyumbani. Hakuna sampuli popote. Faili la kusoma halipo.

Nilirudi Makueni na jibu hilo, nikiwa mnyonge. Mama hakulia. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki ambamo huweka hati ya shamba, cheti changu cha kuzaliwa, na karatasi za hospitali za kaka yake. "Basi soma hizi," akasema. "Wewe si ndiye msomaji?"

Nikasoma. Nyingi sikuzielewa. Lakini kwenye karatasi ya tatu, kati ya mistari mingine kumi na kitu, kulikuwa na mstari mfupi: HBsAg, chanya.

Miezi mitatu kabla yake ningeuruka mstari huo. Sasa nilijua. Hiyo ni alama ya virusi vya hepatitisi B. Mjomba alikuwa navyo, labda tangu utotoni, kama ilivyo kwa wengi Afrika. Wala katika familia hakuna aliyewahi kusikia neno hilo. Kama aliambiwa, hakuelewa. Kama hakuambiwa, Mungu anajua.

Hapa lazima niwape namba nyingine, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Shanghai, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000, wakiwa wamehifadhi mikojo na damu zao. Katika matokeo ya 1994, waliokuwa na alama ya aflatoksini peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya wasio na chochote. Waliokuwa na hepatitisi B peke yake, mara 7.3. Waliokuwa na vyote viwili, mara 59.

Si kumi na moja, jamani. Hamsini na tisa. Vitu viwili vinavyozidishana badala ya kujumlishana. Hata 2004 kwetu, watafiti walipolinganisha wagonjwa 40 na majirani zao 80 ambao hawakuugua, waliougua walikuwa na aflatoksini nyingi zaidi kwenye damu, na pia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na hepatitisi B. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo zilikuwa mbili.

Kwa hivyo nilimwambia mama hivi. Siwezi kusema ni mahindi yaliyomwua mjomba. Hakuna mtu anayeweza, na akitokea wa kusema hivyo usimwamini. Lakini mtu aliyekuwa na virusi hivi, aliyekula mahindi ya hapa miaka yote ile pamoja na mwaka wa 2004, hahitaji tone la pombe ili apate saratani ya ini. Waliosema alikunywa hawakuwa na ushahidi. Karatasi ya tatu tunayo sisi.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo ambalo mimi na shahada yangu sikuwa nimeliwaza.

"Na watoto wake?"

Mjomba aliacha watoto watatu. Wiki iliyofuata wote walipimwa, na mama, na mimi. Kipimo chenyewe ni cha tone la damu, jibu unalipata hapo hapo. Mama hana. Mimi sina, nikaanza kuchanjwa siku hiyo hiyo, kwa sababu chanjo ya hepatitisi B iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mimi nilizaliwa kabla. Wadogo wawili wa mjomba hawana. Kifungua mimba wake, aliyezaliwa 1999, anayo. Hana dalili yoyote, anacheza mpira kila Jumapili. Sasa yuko kliniki, anaangaliwa ini kila miezi sita, na daktari wake anasema amekuja mapema.

Hatukutumia hata mstari mmoja wa programu yangu.

Nimelifikiria sana hilo. Kodoni ya 249 haikumsaidia mjomba, na pengine haitamsaidia binamu yangu moja kwa moja. Lakini bila watu waliokaa miaka wakisoma herufi hiyo, mimi nisingejua kwamba karatasi ya tatu ina maana, na mama asingeuliza kuhusu watoto. Alama ile inatuelekeza turudi nyuma, mpaka ghalani.

Na ghalani kunarekebishika. Qidong ni ushahidi. Katika miaka ya 1980, baada ya mageuzi ya uchumi, watu wa kule waliacha kutegemea mahindi wakala mchele. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha aflatoksini kwenye damu yao ilishuka sana, na miaka baadaye vifo vya saratani ya ini vikapungua kwa zaidi ya nusu miongoni mwa vijana, ingawa walizaliwa kabla ya chanjo ya watoto wote wachanga kuanza.

Sisi hatutaacha mahindi, tusidanganyane. Mkamba bila isyo na muthokoi? Lakini hata muthokoi una siri: utafiti wa hapa Kenya wa 2008 ulionyesha kwamba kukoboa kule hupunguza aflatoksini karibu nusu, kwa wastani. Kuna Aflasafe KE01, iliyoidhinishwa Kenya 2015, ambayo ni kuvu ndugu asiye na sumu unayemwaga shambani ili amnyang'anye nafasi yule mwenye sumu. Kuna mifuko isiyopitisha hewa. Na kuna turubai, ili mahindi yasianikwe juu ya udongo.

Na kuna chumvi. Hili ndilo nililompelekea mama mwezi uliopita, na ndilo nawaachia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi kiasi cha robo ya chupa, na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Rudisha juani. Isipogandamana, yamekaribia kuwa tayari kwa ghala, ingawa wataalamu wanataka yafike 13.

Mama aliifanya mbele yangu na mahindi ya msimu huu, ambayo yeye alikuwa ameshayatangaza kuwa makavu. Akatikisa, akaiweka chupa mezani, tukanywa chai. Tulipoangalia, kuta zilikuwa safi.

Akanitazama kama Daktari anavyonitazama juu ya miwani.

"Nitajuaje kwamba chumvi yako inafanya kazi?"

Akaenda jikoni, akarudi na konzi ya mahindi yaliyolowekwa kwa ajili ya chakula cha jioni. Akayafuta kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa ya pili, akatikisa. Dakika 15 baadaye chumvi ilikuwa imeganda kote kote kama baridi ya Limuru.

"Sasa nakubali," akasema mama, na akaenda kujaza magunia.

Basi wasomaji, kapimeni hepatitisi B, nyinyi na ndugu zenu, hasa mliozaliwa kabla ya chanjo. Mimi si daktari, waulizeni madaktari. Na nyumbani pelekeni chupa na chumvi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye mambo ya Linux.